Koti la Natani na Kanga ya Mama Yako

Zaituni mwanangu,

Habari za chandarua, za kuchemsha maji na za kuchagua marafiki amekwisha kukupa shangazi yako Mwamvua, mara tatu kwa hesabu yangu, na kabla ya chakula cha jioni atakupa mara ya nne. Sitamwingilia. Mimi nimefunga duka mara tu baada ya swala ya Ijumaa, nimezisukuma pembeni hizi bendera ndogo za uhuru ambazo kila fundi wa Mirongo anazishona mwezi huu, na nimeketi kwenye meza ya kukatia nguo nikuandikie. Kesho jioni treni inakuchukua kwenda Dar es Salaam kujifunza uuguzi. Kuna jambo ambalo nimeshindwa kukuambia kwa miaka kumi, na nikilisema kwa mdomo nitaligeuza kuwa ubishi. Unanijua. Baba yako akikosa mtu wa kubishana naye, hubishana na pasi.

Jambo lenyewe ni hili: nilikunyima kumlilia mama yako. Nilikunyima kwa makusudi, nikiamini nafanya vizuri, na watu wakanisifu.

Kilichonisukuma kushika kalamu ni jana. Ulikuwa uani unafunga sanduku na shangazi yako, mimi niko hapa ndani, na ukuta huu si ukuta, ni pazia la udongo. Nikamsikia anasema:

"We mtoto, unaondoka nyumbani huna hata chozi? Mama yako angekuwa hai angelia leo mpaka majirani wahame."

Ukacheka. Ukasema, "Sina cha kulilia, shangazi. Hii nayo ni kwa heri."

"Haya, mtoto wa fundi! Umemrithi mpaka ulimi."

Nilikuwa nimeshika mkasi. Nikakata pembe ya bendera ya watu. Maneno yale, "hii nayo ni kwa heri", kwamba hata baya lina heri ndani yake, nilikupa mimi. Na mimi niliyachukua kwa mtu mwingine, nikayachukua nusu, nikaitumia nusu hiyo kama mtu aliyeokota panga lisilo na mpini. Nataka uondoke na nusu ya pili.

Bwana Natani unamkumbuka: Myahudi wa mlango wa pili, fundi wa saa na cherehani, yule aliyevaa koti jeusi hata jua likiwa linapasua mawe ya Mwanza. Mji mzima ulimwita Mpolandi. Alifika nchi hii wakati wa vita pamoja na wakimbizi wengine, na wenzake walipoondoka yeye akabaki, kwa sababu hakujua kama kuna mtu wa kumrudia. Nilimpenda kwa kuwa alijua kubisha. Mimi nilifunga duka Ijumaa mchana, yeye Ijumaa jua likizama. "Fundi," alikuwa akiniambia, "tutafute na Mkristo mmoja tufungue duka la watu watatu. Mwanza nzima itatembea uchi toka Ijumaa mpaka Jumatatu."

Mwaka ambao mto Mirongo ulifurika, maji yaliingia kwake mpaka magotini. Nilimkuta amesimama juu ya kiti, amekumbatia saa ya ukutani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Pole sana, bwana Natani."

"Hii nayo ni kwa heri," akasema.

"Heri gani hapo?"

"Saa zote zimesimama. Leo ndiyo siku ya kwanza dukani kwangu hakuna hata moja inayosema uongo."

Nikamwuliza neno lile kalitoa wapi. Akasema ni la wazee wao, la zamani sana, la watu waliobomolewa nyumba na kufukuzwa kwenye miji mara nyingi kuliko vidole vyangu na vyake tukivijumlisha. Akaniambia pia kwamba kwao mtu hufundishwa kumhimidi Mungu kwa habari mbaya kama anavyomhimidi kwa habari njema. Nilifurahi, mwanangu, kama askari aliyepewa bunduki mpya.

Siku zile nilikuwa mkali kuliko sasa, ingawa huwezi kuamini. Nilisoma kila gazeti lililoshuka stesheni, hata lile lililofungiwa samaki nililikausha nikalisoma. Niligombana na masheikh juu ya hirizi, na makatekista juu ya historia, na watu wa serikali juu ya kila kitu. Lakini adui wangu mkubwa alikuwa kilio. Niliona watu wetu wanajua kulalamika kuliko wanavyojua kuinuka, na kwamba ndiyo maana tunatawaliwa. Sasa nimepata neno! Nikalipeleka barazani. Nikaliandika gazetini. Mtu ng'ombe wake wamekufa kwa ukame: hii nayo ni kwa heri, panda pamba. Mtu kafukuzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba: hii nayo ni kwa heri, jifunze ufundi. Natani alinisikia siku moja nikimwambia hivyo mjane aliyeungua nyumba. Akanyamaza, akasugua miwani yake. Ukimya ule ungenitosha kama ningekuwa na masikio, maana Natani hakuwa mtu wa kunyamaza.

Kisha Natani akapata barua. Ilikuwa imezunguka nchi kadhaa, mihuri juu ya mihuri, mpaka jina lake lilikuwa limebaki kama kivuli. Aliisoma amesimama hapa mlangoni kwangu. Mama yake alikuwa amefariki miaka saba nyuma. Nasema kufariki kwa adabu. Aliuawa, yeye na mtaa wake wote, wakati mwanawe yuko huku akitengeneza saa za wakulima wa pamba na kumwandikia barua zisizojibiwa.

Hakulia. Alisema maneno machache kwa lugha ya dini yao, na baadaye nilijua kuwa alikuwa akimhimidi Hakimu wa haki. Kisha akachukua mkasi kwenye meza hii hii, akaingiza ncha kwenye ukosi wa koti lake, upande wa kushoto, juu ya moyo, akakata kidogo, na sehemu iliyobaki akaichana kwa mikono. Mimi ni fundi nguo. Sauti ya kitambaa kizuri cha sufu kikichanika naijua, na siku ile ilinipita mgongoni kama maji baridi. Akavua viatu. Akaketi kwenye sanduku fupi kuliko yote, akaniambia, "Fundi, niangalizie saa."

Niliangalia. Ilipotimia saa moja kamili, akainuka, akavaa viatu, akaomba maji ya kunywa. Halafu akaniuliza, "Ile cherehani yako bado inakula uzi?" Akaitengeneza.

Saa moja tu! Kwa mama aliyeuawa! Nilistaajabu, na mshangao wangu ukageuka haraka kuwa hotuba. Nilisema barazani: mnaona? Huyu ndiye mtu. Sisi tunakaa matanga mpaka chakula cha mfiwa kinakwisha ghalani, yeye kakaa saa moja, kainuka, kashika bisibisi. Sikumwuliza kwa nini saa moja. Mtu akishapata ushahidi unaompendeza haulizi sana.

Baada ya wiki kadhaa alileta lile koti nilipige pasi. Nikaona nimfanyie zawadi. Nilichomoa nyuzi kwenye pindo la ndani ili rangi ifanane, nikaziba ule mpasuko uzi kwa uzi, siku nne, mchana tu kwa ajili ya mwanga. Mama yako alikuwa ameketi pale kwenye kizingiti anachambua mchele. Akaniuliza:

"Baba Zaituni, mwenyewe umemwuliza?"

"Zawadi haiulizwi."

"Na kama analitaka hivyo hivyo?"

"Nani anataka nguo iliyochanika, Kabula?"

"Sijui," akasema. "Lakini aliichana yeye, haikumchanikia."

Mama yako hakuingia darasani hata siku moja. Mimi na magazeti yangu yote sikuona kile alichokiona akiwa na ungo mapajani.

Natani alilipokea koti, akaligeuza kwenye mwanga, akatia jichoni kile kioo chake cha kutazamia saa. "Siuoni," alisema.

"Huwezi kuuona," nikasema kwa majivuno.

"Fundi, kazi hii hakuna wa kuifanya toka hapa mpaka Nairobi." Akanirudishia. "Sasa ifumue."

Nilidhani anatania. Akanieleza kwamba nguo iliyochanwa kwa ajili ya baba au mama haizibwi hivyo mpaka mwenyewe anakufa. Unaruhusiwa kuipiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza tunayopiga kabla ya cherehani, ili nguo ikae mwilini nawe uendelee na kazi zako. Lakini mshono uonekane.

"Nikupigie bandi kwenye koti, halafu utembee nalo Mirongo?" nikamwambia. "Watu watasema ndiyo kazi yangu!"

"Waambie mteja wako ni mshenzi."

Nilikataa katakata. Basi akafumua mwenyewe kwa kibano cha saa, kazi yangu ya siku nne ikaisha kwa nusu saa, kisha akajipigia bandi kwa uzi mweupe, mishono imepinda kama nyayo za kuku. Akalivaa miaka yote. Ulikuwa mdogo, lakini nadhani unakumbuka jinsi wateja walivyonisumbua: "Fundi, koti la jirani yako ulilishona umefumba macho?"

Mambo yanayofuata unayajua kuliko mimi, kwa hiyo nitayapita upesi. Mama yako alivuka ghuba kwenda kwao, upande wa Sengerema, ajifungulie kwa bibi yako. Ulikwenda naye. Mimi nilibaki kumalizia nguo za harusi ya mtu. Nilipofika ng'ambo alikuwa amekwisha kuzikwa, yeye na mtoto. Siku ya tatu tulirudi, mimi na wewe, na katika mashua ulijifunika kanga yake, ile nyekundu yenye korosho nyeusi. Msumari uliochomoza ubavuni ukainasa, ukaichana toka pindo mpaka katikati. Hukuiachia.

Nyumbani nilikuwa na hoja yangu tayari. Nilisema nitamlea mtoto huyu bila kilio, atakuwa mfano. Siku ya nne nikakupeleka shule. Nikagawa nguo zote za mama yako, nikamkataza shangazi yako kulitaja jina la Kabula mbele yako. Bibi yako alipotuma watu uende ukaone kaburi likijengewa, nikajibu kwamba mtoto ana masomo. Na uliponililia, nilikuinua nikakuketisha kwenye meza hii, nikakufuta uso, nikakuambia, "Zaituni, hii nayo ni kwa heri."

Ulikuwa na miaka minane. Nimeandika maneno mengi makali katika maisha yangu, na baadhi ya niliowaandikia walistahili. Lakini sijapata kumwambia mtu neno baya kuliko lile, na wala sikulisema kwa hasira. Nililisema kwa upole, nikitabasamu.

Ikabaki kanga. Ulilala nayo, ulikula nayo. Mchana mmoja ulipokwenda chuoni kusoma Kurani, niliichukua. Niliifua kwa sabuni mara mbili. Niliianika, nikaipiga pasi, nikaziba ule mpasuko kwa ustadi ule ule wa koti la Natani, nikaikunja juu ya kitanda chako, nikasubiri ufurahi. Uliporudi uliinusa. Ukaigeuza, ukainusa tena. Ukapapasa kwa vidole pale palipokuwa pamechanika, hukupaona.

"Baba," ulisema, "umemtoa."

Hukulia. Uliiweka mapajani kwangu, ukachukua ndoo ukaenda kuteka maji. Toka siku ile sijakusikia ukimtaja mama yako. Nami nilitoka barazani nikasema: mnaona? Amepona.

Jioni ile Natani alikuja. Alikuwa amekukuta bombani, akakuuliza habari, nadhani ulimweleza kitu. Alikuja na mayai ya kuchemsha ndani ya kofia yake. Hakunisalimu. Akavua viatu, akaketi sakafuni karibu nawe, akamenya yai akakupa. Kwao, chakula cha kwanza cha mfiwa hakitoki ndani ya nyumba yake, huletwa na jirani, na huwa kitu cha mviringo. Alikuambia kwa nini: yai halina mdomo, na mfiwa siku hiyo hana la kusema. Ukamwuliza, "Na kuku?" Akasema, "Kuku ana maneno mengi, kama baba yako." Ulicheka, Zaituni, huku machozi yakikushuka, na mimi kilichoniuma ni yale machozi.

"Natani, usimrudishe mtoto nyuma," nikasema. "Amekwisha kuinuka."

"Nani kamwambia ainuke?"

"Wewe! Wewe uliketi saa moja kwa mama yako. Mimi ndiye niliyekuangalizia!"

Akaacha kumenya. "Fundi, hukuuliza kwa nini saa moja. Kwetu mtu akifiwa anaketi chini siku saba, majirani wanamlisha, hakuna anayemwambia acha kulia. Zikiisha wanamshika mkono, anatoka nje, anauzunguka mtaa, anaanza kuishi. Lakini habari ikichelewa zaidi ya siku thelathini, unaketi saa moja, basi. Habari yangu ilichelewa miaka saba. Mimi niliibiwa siku sita na saa ishirini na tatu. Wewe mtoto wako unamwibia kwa nini?"

"Nimempa neno lako mwenyewe. Hii nayo ni kwa heri."

Sijapata kumwona na hasira kama ile. Uso ulimwiva. "Neno lile mtu analisema juu ya msiba wake, tena siku akiweza. Juu ya msiba wa mwenzako hulisemi. Mwenzako akiwa na njaa hukuambiwa umwambie njaa ni heri. Umeambiwa umpe mkate."

"Basi ni neno la kinafiki, kama lina mwenyewe!"

"Ni kama mswaki, fundi. Kila mtu na wake."

Ningekuwa na akili ningecheka. Nilimfukuza. Nilimfukuza mbele yako, na kofia yake ya mayai, na wewe ukabaki na nusu yai mkononi hujui ule au uweke chini. Tulikaa mwaka mzima hatusemezani, milango miwili inayopakana. Aliyetupatanisha ni cherehani. Iliharibika, nikaing'ang'ania mwenyewe siku mbili, ya tatu Natani akaingia bila hodi, bisibisi mkononi. "Siwezi kukaa kule nikisikiliza mashine inateswa," alisema. Tukaendelea kubishana tulipoachia, juu ya mambo yote isipokuwa hilo moja.

Miaka mitatu iliyopita, unakumbuka, alipata barua nyingine. Mtoto wa dada yake alikuwa hai, ana nyumba, anamwita aende. Tulimsindikiza stesheni wote wawili. Alivaa lile koti. Wewe ulikwenda kumnunulia karanga, na mimi nikapata ujasiri wa kumwuliza jambo lililonisumbua: aliwezaje kuwa mtu wa mzaha namna ile, na uzi mweupe kifuani?

"Ulidhani nacheka kwa sababu nimesahau," alisema. "Mimi nikisahau sitacheka tena, nitakuwa napiga kelele tu. Kumhimidi Mungu kwa baya si kusema baya ni zuri. Mimi na Yeye tuna kesi, na sijaifuta. Lakini siwezi kushtaki kutwa nzima, fundi. Asubuhi kuna saa za watu za kutengeneza." Akakutazama ukirudi mbio na karanga, unacheka na kila mtu. "Yule hajambo?"

"Mchangamfu," nikasema. "Hajapata kuwa na huzuni."

"Ndiyo nasema. Hilo linanitisha."

Treni ikaondoka. Tulirudi nyumbani ukiimba njia nzima, na mimi nikiburuta miguu nyuma yako, ukanidhania namlilia Natani.

Asije mtu akasema fundi Ramadhani amekuwa Myahudi uzeeni. Dini yetu inakataza kuchana nguo kwa ajili ya msiba, na sikuambii uchane chochote. Ila chozi halikukatazwa. Mtume mwenyewe alilia alipomzika mwanawe mdogo. Hilo nilisoma nikiwa kijana, na kwa miaka kumi nililificha kwa sababu liliharibu hoja yangu. Hapo ndipo nilipofika, mwanangu: niliipenda hoja yangu nikasahau ilikuwa inamkalia nani kichwani.

Wala sisemi nusu niliyokupa ilikuwa ya bure. Uso wako mkunjufu ni mali. Wagonjwa wataupenda, na kuna usiku ambapo wewe peke yako ndani ya wodi utakuwa na neno la kuchekesha. Usiutupe kwa kunikomoa mimi. Lakini siku utakaposimama mbele ya mama aliyefiwa na mtoto, na ulimi wako ukataka kumpa yale maneno, kumbuka mswaki. Mpe maji. Keti chini, na kama hakuna mahali pa kuketi, simama hapo hapo. Kusimama tu karibu na mtu anayelia, bila kumrekebisha, ni kazi iliyonishinda mimi mtu mzima mwenye vitabu.

Mwezi ujao bendera hizi zitapanda, nami nitapiga kelele kuliko vijana wote wa mtaa huu. Tayari wapo wasemaji wanaotuambia kwamba yaliyopita tuyazibe yasionekane hata alama, tuwe taifa lenye furaha. Nitawajibu gazetini, na safari hii nitajua ninachokisema. Lakini hayo ni yangu. Turudi kwetu.

Kanga ya mama yako sikuitupa. Ilikaa chini ya sanduku la vitambaa miaka yote hii. Leo asubuhi nilichukua wembe nikaufumua mshono wangu. Imenichukua mpaka adhana ya adhuhuri, kwa sababu niliushona vizuri, Mungu anisamehe kwa hilo pia. Sasa mpasuko uko wazi, kama msumari wa mashua ulivyouacha. Harufu sikuweza kuirudisha. Hiyo niliifua kwa mkono wangu, na hakuna fundi wa kuishona.

Utaikuta juu ya sanduku lako, chini ya barua hii. Nimechomeka sindano kwenye pindo, nimetia uzi mweupe. Sikushona hata mshono mmoja. Ukitaka kuipiga bandi, ipige kwa mkono wako, mishono iwe mikubwa. Ukitaka kuiacha wazi, iache. Ukitaka kunirudishia mapajani kama siku ile, una haki hiyo.

Treni yako ni ya jioni. Mashua ya kwanza ya kwenda ng'ambo huondoka alfajiri, na mtu akivuka nayo anafika kwa bibi yako, anafika kaburini, na alasiri yuko Mwanza tena. Miaka kumi sijakupeleka. Nimemwambia shangazi yako kwamba kesho nakwenda mwaloni, kule mashua zinakofikia, mapema kununua samaki wa njiani, uongo ambao ameupokea kwa furaha. Nitasimama pale mpaka mashua ijae. Usipokuja sitauliza, nitavuka peke yangu nikamweleze Kabula nilichomfanyia mwanawe, kisha nitarudi kukubebea sanduku stesheni kama baba yeyote.

Ukija, usinisalimu hata shikamoo kama moyo hautaki. Ingia tu mashuani. Nami nakuahidi jambo moja, mimi mtu wa maneno: nitakaa kimya njia nzima, na ukilia, sitaangalia saa.

Baba yako,
Ramadhani